Tangi Inakunywa Kabla Yetu

Niaje, Bosi wa Maji!

Najua ukisoma hilo jina utacheka, halafu utageuka haraka uone kama kuna mtu wa Emali anakuchungulia kwa bega. Acha achungulie. Huko watakuita Mwende, ama "wewe wa Kitui", ama "msichana wa mpira wa kumwagia maji". Lakini hapa Matinyani wewe ni bosi, na hata punda anajua.

Usishangae karatasi. Ni ile ya ndani ya mfuko wa simiti, ile safi. Nimeikung'uta mpaka nikapiga chafya, lakini bado itakupaka vidole. Nimekaa kwa kivuli cha tangi yetu, upande wa kwa nyanya yako Susu, mgongo kwenye magunia yaliyolowa tuliyoivalisha. Ubaridi umepita nguo. Kwa hii boma yote saa hii ni tangi peke yake imepoa. Kila kitu kingine kinaungua: mabati, mawe, hata mpini wa jembe ukiushika unauachilia.

Wewe uko Kitui mjini unatafuta buti za kazi. Kesho asubuhi unaondoka kwenda kazi Emali. Hii barua nitaiweka chini kabisa ya begi, chini ya blanketi, uipate ukiwa umeshafika. Kuna kitu kimetokea hapa leo ukiwa mjini, na sitaki ukijue ukiwa bado uko kwa mlango wangu. Nakujua. Ungefungua begi utoe nguo moja moja bila kusema neno, kisha ungechukua mtungi. Kwa hivyo nitakuambia, lakini polepole. Ati polepole! Mimi! Susu akisikia hivyo atacheka mpaka akohoe.

Mambo ya kula vizuri na kulala mapema sitaandika. Umenilea kuliko vile nilikulea, tusidanganyane. Nilikuzaa yunifomu ya shule ikiwa bado imeanikwa kwa kamba. Baba yako unajua hadithi yake, leo sina pumzi nayo. Wacha tuongee simiti. Hiyo ndiyo kitu najua, na hata hiyo nilijifunza kwa simu yenye kioo kimepasuka, na kwa kuchungulia mijengo ya watu kupitia tundu za mabati.

Forman wako alinipigia. Amesema kwa hizo stoo za vitunguu wanazojenga utaanza na kumwagilia simiti maji. Wenyewe wanaita curing. Hiyo kazi wanaidharau, Mwende. Wanampa mgeni, ama mtu ameumia mkono, ama msichana. Fundi anapiga slabu, anaosha mwiko wake, anapanda pikipiki anaenda, akijua kazi imeisha. Haijaisha! Ndiyo imeanza!

Na hapo ndipo sisi watu wa huku tunakosea, na tunakosea kwa sababu tumezoea matofali ya udongo. Udongo unaukanda, unauanika, jua linaushika, unakuwa mgumu. Jua ndilo fundi. Susu ameniimbia hayo maneno tangu nianze hii kazi. "Si uwache jua lifanye kazi yake, kwani unalionea wivu?" Basi tunachukua simiti tunaifanyia vilevile. Tunaona imekuwa nyeupe haraka, tunafurahi, tunaigonga na kidole, tunasema imeshika. Haijashika. Imekauka tu. Simiti haipati nguvu kwa kukauka, inapata nguvu kwa kunywa. Inakunywa kidogo kidogo, siku baada ya siku, kama mgonjwa anayepewa uji na kijiko. Ukiinyima katikati inasimama hapo ilipofika. Baadaye unaweza kuiletea mto mzima. Hairudi.

Ngoja nizunguke niangalie magunia, nakuja.

Nimerudi. Upande wa jua umeshaanza kukauka juu. Nitakuambia.

Kwanza ile tangi ya kikundi. Ulikuwa mdogo, najua unakumbuka moto peke yake. Watu wamekuambia vipande vipande, na kila mtu anaongeza chumvi. Wacha usikie kutoka kwangu.

Kikundi kilikuwa cha akina mama wa kanisa, na Mama Kyalo ndiye alikuwa mwenyekiti. Huyu huyu jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, lakini wakati huo alikuwa mnene, na alikuwa na kofia ya Jumapili yenye ua. Walikuwa wanangoja fundi kutoka mjini, fundi hakuja. Mimi nikasimama katikati ya mkutano. Nilikuwa nimeona video za matangi usiku na mchana mpaka nikaziota. Nikasema, "Fundi wa nini? Mimi niko!"

Mama Kyalo akaniangalia kutoka miguu mpaka kichwa. "Wewe umeshajenga tangi?"

"Nimeona ikijengwa."

"Hata mimi nimeona ndege ikipaa."

Walicheka, Mwende! Kuna mmoja alianguka kwa begi ya mahindi. Lakini simiti ilikuwa imeshanunuliwa, na simiti ikikaa inaganda ndani ya mfuko, kwa hivyo wakakubali. Tukapanga mwethya, kazi ya pamoja, Jumamosi hapa kwetu, kila mtu aje na karai na jirani yake.

Watu walifika asubuhi na mapema, mawe yakiwa bado baridi. Hapo ndipo tungeanza. Lakini nani ataanza kazi ya kikundi cha kanisa kabla pasta hajaomba? Na pasta alikuwa kwa matanga, mbali. Tukangoja. Tukaimba. Tukapika isyo ya mahindi na maharagwe, tukala. Jua likapanda likasimama juu ya vichwa vyetu. Pasta alipofika akaomba vizuri sana, kwa urefu, na mimi macho yangu yalikuwa wazi naangalia mchanga ukitoa mvuke wa joto. Nilitaka kusema, tungoje mpaka jua lipoe. Sikuwa na hiyo subira. Watu wako tayari, karai ziko tayari, mimi nimesifiwa mbele ya pasta, niambie watu wakae chini? Nikapiga kelele, "Koroga!"

Tukakoroga saa sita mchana. Simiti ilikuwa inashika ndani ya karai kabla ifike ukutani. Nikaona ni ngumu, nikaongeza maji. Ikawa ngumu tena, nikaongeza tena. Usifanye hivyo kamwe, hayo maji ya kuongeza ndiyo yanaacha vishimo, lakini mimi nilikuwa naona tu vile inateleza vizuri kwa mwiko. Jioni ukuta ukasimama, mviringo, mzuri, ukivutia kama chungu. Tukaufunga magunia ya katani, tukayalowesha, watu wakaenda. Nililala nikitabasamu, unajua vile mimi hulala nikiwa nimeshinda.

Kesho yake Jumapili. Nani atamwagilia tangi Jumapili? Kila mtu kanisani mpaka mchana upite. Nilimwaga asubuhi nikaona yatatosha. Kwaya ikaanza, na kila wimbo ukiisha naangalia dirisha, naona vile mwanga umekuwa mweupe. Sijui mahubiri yalikuwa ya nini. Nikatoka kama naenda msalani, nikakimbia mpaka nyumbani na viatu mkononi.

Magunia yalikuwa meusi. Nilidhani ni kivuli. Halafu kivuli kikanguruma.

Nyuki! Nyuki wa Matinyani yote, Mwende! Kulikuwa na kiangazi kama hiki, mito imekauka, maua hakuna, na mimi nimewatandikia magunia yenye maji mzunguko mzima. Walikuwa wamepangana kama shanga, wanafyonza. Nikasogea na ndoo, mmoja akaniuma kwa sikio. Nikasogea na upande mwingine, wawili kwa shingo. Susu yako akapiga kelele kutoka jikoni, amefunga mlango nusu.

"Wacha wanywe! Watashiba waende!"

"Susu, nyuki hashibi, anapeleka nyumbani!"

"Basi ngoja giza liingie!"

Giza! Jua bado liko juu, ukuta wa jana unapigwa, magunia ya juu yameshakauka kabisa, na nyuki wamekalia yale ya chini yenye maji. Kila dakika nasikia ukuta ukilia, kwa kichwa changu tu, lakini nasikia. Nikakumbuka vile watu hurina asali. Moshi! Nikachukua nyasi kavu, nikafunga rundo, nikawasha.

Upepo ulikuja kutoka upande sikuutarajia. Gunia la juu likashika moto kama karatasi. Katani kavu, Mwende, inawaka kuliko mafuta. Nyuki wakaenda, ndio, walienda wote. Na magunia pia yakaenda. Akina mama wakitoka kanisani na nguo zao nyeupe wakakuta tangi yao inawaka moto, na mimi nimesimama hapo sikio limevimba kama maandazi.

Mama Kyalo akavua kofia yake yenye ua. "Aiya! Tulikuambia ujenge tangi. Ni nani alikuambia uipike?"

Halafu sote tukafanya kosa lingine, kwa uzuri wa roho. Tukachukua maji baridi ya kunywa tukamwagia ukuta wenye moto. Ukasema ta, ta, ta, kama mahindi kwa kikaango. Nilijua hapo hapo umepasuka. Wengine walikuwa wanapiga makofi moto umezima.

Mvua ilikuja mwaka ule. Tangi ikajaa mpaka juu. Mama Kyalo alikuja na watu wakaimba, wakacheza, akanishika mkono akasema, "Mama Mpika Tangi, leo nakusamehe." Kisha tukaanza kuona mistari ya unyevu kwa ukuta, myembamba, kama mishipa kwa mkono wa mzee. Susu akaweka mabeseni kuizunguka. Wewe ulikuwa unacheza na hayo matone, unayapokea na ulimi. Maji yalienda kimya kimya, ardhi ikayanywa yote. Siku ya mwisho Mama Kyalo alikuja na kikombe, akachota yale yalibaki chini, akampa Kyalo wake akanywa, akaenda. Hakunitukana. Nilimfuata mpaka kwa korongo nikingoja anitukane. Hakusema kitu.

Kikundi kilikufa hapo. Jina likabaki.

Sikuandikii hivi ndio unihurumie. Nakuandikia kwa sababu una miguu yangu. Nakuona. Ukiona kitu umeshakishika. Mimi nilitoka shule vile nilipiga hiyo tangi, saa sita mchana, nikiongeza maji ndio iteleze. Sina la kukufundisha hapo. Sijui mtu wa haraka anapunguzwaje. Mimi nilipunguzwa na ile kimya ya Mama Kyalo, na hata hiyo haikumaliza kazi.

Ndio nikaenda mji wa Salama. Ulibaki na Susu, ukalia, nikalia, lakini niliona hapa nitaitwa Mpika Tangi mpaka nizikwe. Kulikuwa na mjengo wa lojingi kando ya barabara kuu, nikapata kazi ya mkono. Forman alikuwa mtu wa Makueni, mfupi, salamu hapendi. Siku ya kwanza nikamwambia najua kila njia ya kunywesha simiti, nimeziona zote. Akaendelea kuhesabu mbao zake. Halafu akaniuliza, "Maji yako iko wapi?"

Nikasema, "Ati?"

"Wewe unajua njia. Mimi nauliza maji. Iko wapi, ni ya nani, na yatafika kesho?"

Na hiyo ndiyo kitu moja nataka uende nayo Emali, hata kama hii karatasi itapotea. Kwa joto kama hili hakuna njia nzuri, kuna njia na maji yake. Slabu iliyolala chini ni rahisi. Unaizungushia kingo za udongo, unaijaza maji, inakaa kama kidimbwi, haina shida ya jua. Lakini hapo unahitaji maji mengi na mtu wa kufukuza ng'ombe, watakunywa slabu yako yote. Kama maji ni kidogo unatandaza mchanga juu, unaulowesha, mchanga unashika. Lakini mchanga utauweka aje kwa ukuta uliosimama? Kuna dawa nyeupe ya kupuliza, niliiona hapo Salama, wanaipuliza kama rangi na hawarudi tena. Nilishangaa! Nikasema hii ndiyo! Forman akanikata, "Na plasta itashikaje juu yake? Na kwa tangi, nani atakunywa hiyo dawa?" Na kwa maduka yetu ya hadwea hata haiko. Kuna nailoni, inafunika, inazuia maji ya ndani yasipae, haitaki kuongezewa sana. Lakini ikiachwa pembe wazi upepo unapita chini kama tanuri, ni afadhali usingeweka. Na magunia unayajua. Mazuri sana, mpaka yakauke. Gunia likikauka linageuka mwizi, linafyonza maji ya simiti yenyewe.

Na usimwage maji baridi ya pipa lililokaa kivulini juu ya simiti iliyoungua na jua la saa nane mchana. Hiyo ta, ta, ta sitaki uisikie. Anza asubuhi, usiiache ikauke, ndio saa nane isikukute unakimbia.

Basi tangi yetu. Hapa nilifurahi, Mwende, wacha niseme ukweli, hizi siku zimekuwa tamu kuliko zote. Tumeipiga mimi na wewe kabla jua litoke, bila pasta, bila nyimbo, mawe baridi. Magunia ndani, na juu yake ile nailoni ya greenhouse ya kikundi cha kulima nyanya kilichokufa. Wewe ndiye ulifikiria hiyo! Mimi nilikuwa nabishana na magunia, nabishana na nailoni, wewe ukasema, "Mama, si uvalishe zote mbili, kama shati na sweta?" Nyuki walikuja, wakagonga nailoni wakitafuta mlango, wakakosa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nyuki wanazunguka nje wanatukana, maji iko ndani, ukuta unakunywa polepole! Hiyo siku nilikuona kama mtu mkubwa.

Na maji umeyabeba, mwanangu. Wewe na punda, mpaka mtoni na kurudi, kungoja kile kisima cha mchanga kitoe jasho lake, kikombe kwa kikombe. Magunia hayakukauka hata mara moja. Ukiwa bosi hakuna mtu aligusa mtungi bila kuuliza, hata Susu aliomba ruhusa ya chai.

Sasa ya leo.

Ulipoondoka tu kwenda mjini, mbuzi wa Susu walikuwa wameshatoka. Yule jike mwenye pembe moja alikuwa amesimama na miguu ya nyuma, anakula nailoni. Anaitafuna kabisa, macho yamefungwa, kama anakula nyasi za mvua. Kabla nifike alikuwa amerarua kuanzia bega la tangi mpaka kiunoni, na wengine wawili wako upande ule mwingine. Susu akasema, "Wana njaa, unataka wale nini, mawe?" Nimeshona na sindano ya magunia, nimebandika matope, lakini upepo unaingia. Na nyuki wamepata mlango. Si wengi. Bado si wengi.

Nikasema sawa, nitamwagilia zaidi tu. Nikapeleka punda mtoni.

Kisima kimekauka, Mwende. Jana ulichota, leo ni tope. Watu walikuwa wamekaa ukingoni, hawachoti, wanaangalia. Wamechimba chini zaidi mpaka kuna mtu alisimama ndani asionekane, wamefika mwamba. Hakuna mtu alikuwa anapiga kelele, hiyo ndiyo iliniogopesha. Nikageuza punda.

Kwa hivyo tuko na lile pipa ndani ya nyumba, ulilojaza juzi ukafunika na meza. Hilo ndilo maji tuko nayo. Nimepiga hesabu ya kichwa, nikimwagilia kwa kikombe, nikilenga magunia ya juu peke yake yateremke yenyewe, na mimi na Susu tukinywa kama kuku, ukuta utafika pale unaweza kujisimamia. Utafika tu. Hakuna tone la ziada.

Kuna maji ya borehole, kile kisima cha mashine, pale sokoni, najua utasema. Inatoka hata saa hii, mingi. Lakini unajua ile chumvi. Nikimwagia ukuta, waya ndani utaanza kuoza, na tangi itakuwa mgonjwa kabla haijazaliwa. Na mtoto akiinywa anaharisha. Punda mwenyewe anainusa anageuza kichwa.

Nilikuwa hapa, kikombe mkononi, nikimwagilia, ndio Mama Kyalo akatokea. Siku hizi amekonda, unajua, ni wale wajukuu Kyalo alimwachia. Alisimama pale kwa mti wa miiba. Akaangalia magunia yanavyotiririka. Akaangalia matone yanaingia kwa mchanga. Mdogo wao alikuwa mgongoni, midomo imepasuka.

"Mama Mpika Tangi," akasema. Amesema tu kwa mazoea, hakukuwa na kicheko ndani. "Unanywesha ukuta?"

"Nanywesha."

"Na ukishanywa, utakojoa maziwa?"

Nikacheka, peke yangu. Nikamweleza. Nilimweleza yote, kwa haraka, na mikono, vile simiti inakunywa, vile ikisimama katikati hairudi, vile hii ikishika safari hii mvua ikija yeye atachota hapa, wajukuu watachota, sitamuuliza kitu. Nilikuwa naongea kama kwa ule mkutano. Akaningoja nimalize.

"Mvua gani?" akauliza.

Tukaangalia juu sote wawili. Anga ni kama sufuria iliyosuguliwa na mchanga. Sikuwa na mvua ya kumwonyesha.

Kisha akasema, polepole, "Sina nguvu ya kugombana na wewe. Ile tangi ya kwanza nilikupa mimi. Maji yake yalienda, na sikukuambia kitu. Leo nakuomba ya kunywa. Wenye gari wanasema wataleta maji, sijui lini, nimechoka kusikia. Nitarudi jioni na punda na mitungi. Ukinipa, umenipa. Usiponipa, sitakuambia kitu tena."

Akaenda. Mtoto aliendelea kuangalia nyuma, anaangalia kikombe changu.

Magunia ya juu yakaanza kubadilisha rangi. Mwende, mimi ni mtu wa kujua la kufanya kabla sijaulizwa. Maisha yangu yote nimejua haraka, nikakosea haraka. Leo sijui. Nimekaa chini nikaanza kukuandikia wewe.

Nimejaribu kugawa kwa kichwa. Nusu kwa ukuta, nusu kwa wajukuu. Lakini nusu ya ukuta si ukuta. Nimeshakuambia, ikisimama hairudi, tutakuwa na tangi ya pili yenye mishipa ya mzee, na hii simiti ilikuwa pesa yangu yote ya Salama, sina nyingine ndani ya huu mwili wangu. Na nusu ya wajukuu ni nini? Siku mbili tatu, halafu? Pipa likiisha kwao na mvua isipokuja, nimewanyima nini, nimewapa nini? Na nikimwagia ukuta ushike, na mvua isipokuja, nimejenga chungu kizuri cha kuwekea hewa. Nikifikiria upande huu naona jangwa. Nikifikiria ule naona jangwa.

Sitakudanganya ati itakuwa sawa. Sioni. Wengine wangekuandikia Mungu atafungua njia, na Susu ameshaomba tangu asubuhi, mpaka sauti imekauka. Mimi nakuandikia vile naona. Naona nyuki wawili wako kwa ile tundu ya mbuzi, na wawili wataita wenzao.

Usirudi. Hiyo ndiyo sababu barua iko chini ya blanketi. Ukirudi utaongeza mdomo mmoja tu, na hata wewe Bosi wa Maji huwezi kuchota mwamba. Kaa huko. Ukipewa mpira wa maji, ukiuona unamwaga maji mengi juu ya stoo za vitunguu, usilie mbele yao. Mwagilia vizuri. Lakini angalia nyuma yako mara moja, uone nani amesimama na mtungi. Sijui utamfanyia nini. Mimi mwenyewe sijui. Angalia tu.

Jua limeanza kulala upande wa korongo. Wewe utakuja giza likiingia na buti zako, Mama Kyalo akiwa ameshaenda, utanionyesha, nitazisifu, nitasema nilikuwa naandika hesabu za mchanga. Utauliza mbona nailoni imeshonwa, nitasema mbuzi. Hiyo ni ukweli. Utauliza pipa, nitasema liko. Hiyo pia ni ukweli, kwa sasa.

Wacha nikunje kabla hujafika. Nasikia mitungi mitupu inagongana kwa punda, inapanda korongo. Bado iko mbali. Nimeingia ndani nimetoa meza juu ya pipa, nimerudi hapa na kikombe, na ukuta uko nyuma ya mgongo wangu, bado una ubaridi, kidogo.

Ukisoma hii nitakuwa nimeshaamua, na huwezi kunizuia wala kunisaidia, kwa hivyo niambie ukweli bila kuniogopa. Jiweke kwa nafasi yangu: Mama Kyalo amefika hapa, mtoto yuko mgongoni, anaangalia mkono wako. Kikombe ni kimoja. Bosi wa Maji wangu, wewe ungefanya nini?